Gati Namba Tano

Meli ilikuwa haijafunga hata kamba moja, na Fundi alikuwa ameshajipaka mafuta ya mdomo mara tatu.

Alisimama karibu na mlango wa kushukia, mkoba begani, sanduku miguuni, wakati abiria wenzake walikuwa bado juu wakimalizia chai. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mjane wa mwaka wa nane, mshonaji wa magauni ya harusi. Mabibi harusi wengi wa mji ule walikuwa wamesimama mbele ya kioo chake wakajitazama na kuanza kulia kwa furaha. Lakini ile mikono iliyozoea kutunga shanga nyeupe moja moja, leo ilishindwa hata kufunga zipu ya mkoba.

Safari yenyewe alizawadiwa na wazazi wa binti mmoja. Gauni la binti huyo liliunguzwa na pasi siku tatu kabla ya harusi, na Fundi akamshonea jingine zuri kuliko la kwanza. Siku kumi baharini, kula na kulala. Na siku ya kuondoka, aliyempeleka bandarini ni Dereva.

Dereva alikuwa akimbebea magauni kila Jumamosi kwa miaka miwili. Madereva wenzake wa kituo cha teksi walimwita Breki, kwa sababu akiiona taa ya kijani ikiwa mbali, yeye anaanza kupunguza mwendo. Hakuwahi kukunja gauni la mtu vibaya. Hakuwahi pia kutamka neno la mapenzi, na Fundi naye hakuwahi. Walikuwa wakiongea habari za trafiki, bei ya vitambaa, na maumivu ya goti. Ila siku ile bandarini, Dereva aliuteremsha mzigo, akaushikilia mpini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kisha akasema, "Ukirudi, nitakuwa hapa. Usipande gari jingine."

Ni maneno ambayo dereva yeyote anaweza kumwambia mteja wake. Lakini Fundi alilala nayo na kuamka nayo kwa siku kumi.

Sasa kipaza sauti kikakoroma juu ya kichwa chake. Mwanamke mwenye sauti laini akawaambia abiria kwamba gati namba mbili bado lina meli nyingine iliyoshindwa kuondoka kwa hitilafu ya mtambo, kwa hiyo wao watateremkia gati namba tano.

Fundi hakungoja tangazo liishe. Akamfuata mhudumu wa kike aliyekuwa akipanga foleni.

"Mwanangu, kuna mtu ananisubiri gati namba mbili. Atajuaje?"

"Mpigie simu, mama. Ila kutoka kule mpaka huku ni lazima azunguke ghuba yote na kuvuka daraja."

Fundi akapiga. Simu haikuita. Akaandika ujumbe, ukagoma kuondoka. Abiria elfu mbili walikuwa wamewasha simu zao kwa wakati mmoja, na mtandao ulikuwa umezidiwa. Aliinua simu juu, akaishusha, akaiinua tena, mpaka mzee mmoja aliyesimama nyuma yake akamuuliza kama anapiga picha.

*

Nje ya jengo la forodha palikuwa na pilikapilika. Mabasi ya hoteli yalikuwa yamepangwa ubavu kwa ubavu, teksi zenye kibali cha bandari zikiitwa moja moja na mtu mwenye filimbi, na nyuma ya kamba watu wameinua vibao vya majina. Fundi alipitisha macho kwenye vibao vile akitafuta uso mmoja tu. Badala yake akaona kibao kilichoandikwa MAMA kwa herufi nyekundu, na nyuma yake, meno yote nje, kijana mrefu aliyevaa shati la kazini.

Alikuwa ni mwanawe wa pekee. Tangu ana miaka minne alikuwa akiamuru viatu vya nyumba nzima vipangwe mstari mmoja, ndiyo maana mpaka leo, akiwa mhandisi wa maji katika mji mwingine na mume wa mtu, mama yake alimwita Bosi.

"Bosi? Umefikaje hapa?"

"Kwa treni, jana. Habari ya gati nimeulizia ofisi ya bandari." Akamkumbatia mpaka miguu ikaacha ardhi. "Na tunarudi kwa treni, saa sita kamili. Nimekodi gari la kutupeleka stesheni. Twende, Mama, saa nne imeshapita."

"Tunarudi? Wewe na nani?"

"Mimi na wewe. Tiketi ninazo."

Kabla hajapata la kusema, sanduku lilikuwa limeshapakiwa, mlango wa gari dogo la abiria umeshafungwa, naye amekaa kando ya dirisha. Gari likasogea kama hatua ishirini, likasimama. Mbele yao mabasi ya watalii yalikuwa yamejipanga mpaka upeo wa macho, yote yakielekea kwenye lango moja.

"Mkeo hajambo?" Fundi aliuliza, macho yakiwa nje.

"Hajambo, ila miguu imevimba. Mwezi ujao anajifungua na hataki kusikia habari ya mtu mwingine isipokuwa wewe. Chumba chako nimeshakipaka rangi. Ukishazoea, tutakuja kuchukua cherehani na vitu vingine."

Fundi akageuka. "Cherehani yangu?"

"Mama, hatuwezi kuendelea hivi. Wewe uko peke yako huku, mimi niko kule."

"Kuja kumpokea mjukuu nitakuja, hata kwa miguu. Hilo tulikubaliana. Kuhama hatujawahi kukubaliana."

Bosi alitazama vidole vyake. Alipoongea tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Shangazi alinipigia."

Shangazi huyo alikuwa dada wa marehemu mume wake, na aliishi mtaa wa pili kutoka kwenye chumba cha kushonea.

"Akasema nini?"

"Kwamba kuna dereva wa teksi anakuja kuchukua magauni na anakaa saa nzima. Watu wameanza kuongea. Mama, mtu tusiyemjua kwao, tusiyejua ana nini na anataka nini. Baba angesema nini?"

"Baba yako angeuliza kwanza kama nimecheka mwaka huu," Fundi akasema.

Bosi akachungulia foleni mbele. Gari likasogea hatua mbili.

*

Wakati huo Breki alikuwa gati namba mbili, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama kama karatasi. Alikuwa hapo tangu saa mbili kasoro robo. Gari lilikuwa limeoshwa ndani na nje. Saa tatu ikapita, saa tatu na nusu ikapita. Alijiambia meli huchelewa. Ilipofika saa nne ndipo akamfuata mlinzi wa lango.

"Kaka, meli hii mbona haishushi watu?"

"Hii? Hii imeharibika tangu juzi. Unayoisubiri wewe iko kule." Mlinzi akanyoosha kidole juu ya maji. Ng'ambo, nyeupe na ndefu kama mtaa, meli ya Fundi ilikuwa imetulia, na mabasi yakiizunguka kama siafu. "Gati namba tano. Imeshusha zamani."

Wenzake wa kituoni hawangeamini walichokiona kama wangekuwepo. Breki aliruka ndani ya gari, akalitoa kwa mlio, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya kuendesha teksi akapita taa ya njano. Alivuka daraja akiwa ameinamia usukani. Simu ya Fundi haikupatikana. Alijiona mjinga: miaka miwili ya Jumamosi, nafasi zaidi ya mia moja za kusema, na yeye akaongea habari za trafiki.

Kwenye lango la gati namba tano mlinzi akamwinulia mkono. Bila kibali cha bandari, teksi haiingii.

"Na mtu bila gari?" Breki aliuliza.

"Mtu anaingia."

Akaegesha nje, pembeni ya ghala, akaingia kwa miguu. Foleni ya magari yanayotoka ilikuwa imesimama kabisa. Naye akaanza na gari la kwanza, akachungulia dirishani, akaomba radhi, akaenda la pili, akachungulia, akaomba radhi. Mtu wa miaka hamsini na saba, goti moja bovu, kwenye jua la saa nne na nusu, anatafuta uso mmoja katika magari mia.

*

Fundi alimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa ameshawapita upande wa pili wa basi bila kuwaona, na sasa alikuwa nyuma yao, mgongo kwake, ameinama kwenye dirisha la familia fulani akiomba samahani. Shati jeupe lilikuwa limeloa lote.

Moyo ukamwenda mbio hata akahisi aibu, kana kwamba mwanawe angeusikia.

"Nifungulie mlango," alimwambia dereva wa gari la kukodi.

"Mama, unaenda wapi?"

Alikuwa ameshateremka. Hakuita kwa sauti kubwa. Alisema tu, "Dereva," kama alivyokuwa akisema kila Jumamosi akisikia honi yake mlangoni.

Breki akageuka. Macho yakagongana. Halafu akaja, akichechemea kidogo, akasimama mbele yake, maneno yote aliyokuwa ameyapanga darajani yamempotea.

"Nilikuwa gati namba mbili," alisema.

"Najua. Nimekupigia, simu haikuita."

"Nilikuwepo tangu saa mbili kasoro."

"Najua, Dereva. Hilo sikuwa na shaka nalo."

"Mama." Bosi alikuwa ameteremka pia, amesimama mlangoni mwa gari, mikono kiunoni. Alimpima Breki kutoka viatu mpaka nywele. "Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu. Na huyu ni mwanangu."

"Shikamoo," Bosi akasema, kwa sababu alikuwa amelelewa vizuri, lakini aliitoa kama mtu anayelipishwa.

"Marahaba, baba. Umefanana na picha iliyo ukutani kwa mama yako."

"Mzee, nashukuru umekuja, lakini mama ana gari. Tunawahi treni ya saa sita."

Breki akatazama foleni mbele, akatazama nyuma. Akamgeukia dereva wa gari la kukodi. "Ndugu yangu, hapa mpaka langoni unadhani ni muda gani?"

"Mzee mwenzangu, nisikudanganye," dereva yule akajibu akiwa amelaza mkono dirishani. "Hapa saa sita itatukuta hapa hapa."

Bosi akatazama saa yake. Mke wake alikuwa peke yake nyumbani, treni iliyofuata ilikuwa ya kesho, na yeye alikuwa amemuahidi kurudi leo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuwa na amri ya kutoa.

"Gari langu liko nje ya lango," Breki akasema taratibu. "Kuna njia ya nyuma ya maghala. Kama mtakubali kutembea kidogo, stesheni mtafika. Hata kama hutaki kuniona tena baada ya hapo, leo nitakufikisha."

Honi zikapigwa nyuma yao.

Bosi akamlipa dereva wa gari la kukodi, akatundika begi lake begani, akalivuta sanduku la mama yake. Breki akanyoosha mkono kulipokea.

"Nitabeba mwenyewe," Bosi akasema.

"Sawa. Lina gurudumu moja bovu, la kulia. Ukilivuta kwa kushoto halisumbui."

Bosi alitembea hatua kumi akibishana na gurudumu la kulia, kisha akabadilisha mkono. Fundi alilazimika kutazama baharini asicheke.

*

Bosi akakaa mbele, Fundi nyuma. Njia ya maghala ilikuwa na mashimo, na Breki aliyakwepa moja baada ya jingine bila kupunguza mwendo, jambo ambalo Fundi hakuwahi kuliona.

"Umeoa?" Bosi aliuliza.

"Mke wangu alifariki miaka sita iliyopita. Nina binti mmoja, ni mwalimu."

"Shangazi anasema ukija kuchukua magauni unakaa saa nzima."

"Ni kweli."

"Kufanya nini?"

"Magauni ya harusi hayabebwi kama magunia. Lazima yakunjwe kwa utaratibu."

"Na kukunja kunachukua saa nzima?"

Breki akabadilisha gia. "Kunachukua dakika kumi. Zinazobaki ni zangu."

Nyuma, Fundi akajikaza kisabuni, akaufunika mdomo kwa mkoba.

"Mama ana presha," Bosi akaendelea, sauti ngumu. "Unajua hilo?"

"Najua. Dawa anakunywa asubuhi. Kukiwa na harusi mbili kwa wiki moja anasahau. Jumamosi huwa namkumbusha. Siku nyingine sina haki ya kupiga simu."

Waliingia barabara kubwa, wakapita sokoni, wakapita hospitali. Bosi alipozungumza tena alikuwa anatazama nje.

"Baba alipofariki nilikuwa chuoni. Waliniambia siku ya pili. Walisema hawakutaka kunivurugia mtihani." Akashusha kioo kidogo. "Sitaki kuambiwa tena siku ya pili. Ndiyo maana nataka awe kwangu. Si kwamba namdharau mtu."

Fundi hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Miaka minane, na mwanawe hakuwahi kuyatamka. Alinyoosha mkono akamshika bega kutoka nyuma, na Bosi akaufunika mkono huo kwa wake.

"Mwanangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na yako."

Breki aliendesha mpaka taa nyekundu ikawasimamisha. Hapo akatoa simu yake kwenye kisanduku cha mlango, akampa Bosi.

"Andika namba yako humo. Na chukua yangu. Hata akikohoa, utajua siku hiyo hiyo."

Bosi aliitazama simu. "Wewe ni nani kwa mama yangu, mzee? Nieleze ukweli. Nikipigiwa simu na wewe, nimwambie mke wangu nani amepiga?"

Taa ikawa ya kijani. Breki hakuondoa gari mara moja.

"Kwa sasa mimi ni dereva wake," alisema. "Zaidi ya hapo sijamuuliza. Na siwezi kukujibu wewe kabla ya yeye."

Magari ya nyuma yakapiga honi. Bosi akaanza kuandika namba.

*

Walifika stesheni saa tano na dakika arobaini na mbili. Bosi alichukua begi lake, akasimama na mama yake kando ya mlango mkubwa, tiketi mbili mkononi.

"Hutapanda," alisema. Halikuwa swali.

"Leo sipandi. Mtoto akikaribia, nitakuja na nitakaa mpaka afikishe arobaini. Halafu nitarudi kwangu. Nina mabibi harusi wanne wananisubiri, na nina maisha, Bosi. Nilidhani yalikwisha, kumbe yalikuwa yamekaa tu."

"Na Shangazi?"

"Shangazi nitamwendea mwenyewe, kwa miguu yangu, mchana, mtaa mzima ukiona."

Bosi akacheka bila kutaka. Akamkumbatia mama yake, safari hii taratibu. Kisha akarudi kwenye dirisha la teksi.

"Mzee. Piga mapema. Hata kama ni mafua."

"Hata kama ni mafua," Breki akaitikia.

"Na uendeshe polepole. Huko nyuma ulinitisha." Akageuka, akakimbilia geti la treni.

Fundi alimtazama mpaka alipomezwa na watu. Aliporudi garini hakukaa nyuma. Alifungua mlango wa mbele, akaketi, akaweka mkoba mapajani. Wote wawili wakatazama kioo cha mbele kana kwamba kulikuwa na kitu cha kusoma pale.

"Fundi," Breki akaanza.

"Nakusikiliza."

"Mimi si mtu wa maneno. Nyumba yangu ni vyumba viwili na ukumbi. Gari hili ndilo hili unaloliona. Dada yangu ni mkali. Nimekuwa nikisema nitakuambia Jumamosi ijayo, na Jumamosi zimekwisha. Siku hizi kumi sijui nilikuwa naendesha nini, watu walikuwa wananiambia wanakokwenda nasahau." Akavuta pumzi. "Nataka tuoane. Kama utanikubali."

Kitu kikagonga dirisha. Alikuwa askari wa maegesho, fulana ya njano, karatasi mkononi.

"Mzee, hapa ni kushusha tu. Ondoa gari."

Breki akashusha kioo. "Nipe dakika moja, ndugu yangu."

"Dakika ya nini? Abiria si umeshashusha?"

"Nimemuomba mama huyu nimuoe. Hajanijibu."

Askari akainama, akamtazama Fundi, akamtazama Breki na shati lake lililokauka na chumvi ya jasho. Akajiinua. Nyuma gari lingine likapiga honi, naye akalinyooshea mkono lisubiri, akawapa mgongo na kusimama wima katikati ya njia kama anayelinda benki.

Fundi aliona mikono yake imetulia. Hakujua imetulia saa ngapi.

"Nina masharti," alisema.

"Sema."

"Kunipigia simu si Jumamosi tu. Siku yoyote, saa yoyote."

"Nimekubali."

"Na gauni langu nitashona mwenyewe. Nisiambiwe habari ya umri."

"Mimi nimwambie nani umri?" Breki akasema. "Kwa hiyo?"

Fundi akauchukua mkono wa Breki kutoka kwenye gia, akaushika kwa mikono yote miwili, mchana kweupe, mbele ya stesheni nzima.

"Kwa hiyo ndiyo," alisema. "Ndiyo, na washa gari, yule askari wa watu atafukuzwa kazi kwa ajili yetu."